Barua ya udahili na pesa ya kusomea ni vitu viwili

Kila Juni, Bunge likipitisha bajeti kule Dodoma, wazazi wa Moshi na Arusha huanza kuuliza: mwaka huu vyuo vya serikali vitachukua wangapi? Jibu halimo kwenye hotuba ya bajeti. Serikali hutenga pesa, na pesa zenyewe hugawanyika katika mafungu. Kila fungu likibanwa humuumiza mwombaji kwa namna yake na kwa wakati wake. Ukijua ni lipi limebanwa, unajua pia pa kujihami.

Ndani ya chuo cha umma kuna mafungu matatu: mishahara, matumizi mengineyo na miradi ya maendeleo. La nne haliko chuoni kabisa. Hilo ni la mikopo, na liko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB.

Nianze na mishahara, maana hapo ndipo nafasi hupotea kimyakimya. Chuo hakijipangii idadi ya wanafunzi kadiri kinavyotaka. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huangalia walimu, madarasa, maabara na vitabu, kisha huidhinisha idadi kwa kila kozi. Idadi hiyo huchapishwa kwenye mwongozo wa udahili pamoja na sifa za kujiunga. Kipimo kinachobana zaidi ni uwiano wa mwalimu na wanafunzi, ambao hutofautiana kwa fani: udaktari huruhusu wanafunzi wachache kwa kila mwalimu kuliko biashara.

Chukua hesabu ya mfano. Idara ina wahadhiri 8 na uwiano ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 25. Idara hiyo inabeba wanafunzi 200. Kozi ikiwa ya miaka mitatu, hao ni kama 66 kwa mwaka. Wahadhiri wawili wakistaafu, chuo hakiwezi kuajiri wengine mpaka serikali itoe kibali cha ajira, na kibali hufuata pesa za mishahara. Wakati wa kusubiri, wanaobebeka ni 150, yaani 50 kwa mwaka. Nafasi 16 zimeondoka bila mtu yeyote kutangaza kwamba amepunguza udahili. Kwenye maisha halisi mhadhiri mmoja hufundisha kozi kadhaa, kwa hiyo hesabu ni ngumu zaidi ya hii, ila mwelekeo ndio huohuo.

Mwombaji huliona pengo hilo kwenye pointi. Sifa ya chini kwa waliomaliza kidato cha sita kwa kozi nyingi ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sifa hiyo haibadiliki nafasi zikipungua. Kinachopanda ni mstari wa kukatia, kwa sababu chuo hupanga waombaji kuanzia mwenye pointi nyingi na husimama nafasi zinapojaa. Mwenye D mbili ana sifa, lakini kwenye kozi inayogombewa hafiki popote. Kwa hiyo kabla ya kujaza, fungua mwongozo wa mwaka huohuo usome idadi ya nafasi, usiishie kwenye sifa. Kozi yenye nafasi 50 na yenye nafasi 300 zinaweza kudai pointi zilezile kwenye karatasi, na ushindani wake ukawa mbingu na ardhi.

Matumizi mengineyo ndiyo umeme, maji, kemikali za maabara, malipo ya wahadhiri wa muda na safari za kuwakagua wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Fungu hili likichelewa kutoka Hazina, udahili hauguswi mwaka huo. Anayeumia ni aliyekwisha kuingia: jaribio la watu wanne linafanywa na watu kumi na wawili, na mkaguzi anapiga simu badala ya kufika. Chuo nacho hutegemea zaidi mapato yake ya ndani. Ada ya shahada ya kwanza kwenye vyuo vya umma, kwa kozi nyingi, ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka, na chuo hakina uhuru wa kuipandisha kinavyopenda. Ndiyo maana kinavutiwa na kozi za jioni, astashahada na kozi fupi. Hizo si mbaya, ila zinamchosha mwalimu yuleyule.

Kuhusu majengo, mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, ulipewa dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ni miongoni mwa vyuo vilivyoingizwa humo. Nafurahi kuona kuta zinapanda. Lakini ukumbi mpya bila mhadhiri mpya hauongezi hata nafasi moja kwenye ule uwiano. Majengo na vibali vya ajira vingepaswa kwenda pamoja.

Wanaosoma habari za Marekani hudhani mambo ni yaleyale. Kule majimbo yakikata ruzuku, ada na mlango wa udahili huweza kuguswa mara moja. Mwaka 2009 jimbo la California lilipokaukiwa, Chuo Kikuu cha California kiliidhinisha nyongeza ya ada ya asilimia 32, na mfumo wa vyuo wa California State ukafunga sehemu kubwa ya udahili wa muhula uliofuata. Kwetu barua ya udahili hutoka, kisha mtu anakwama getini.

Anakwama kwa sababu ya fungu la nne. Bajeti ya mikopo haijapungua: ilikuwa shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21, ikawa bilioni 570 mwaka 2021/22, na imeendelea kupanda. Ila wanaodahiliwa nao wameongezeka, na pesa ya chakula na malazi ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Nyongeza hiyo ilikuwa ya haki. Kwa siku 240 ni shilingi 360,000 kwa mwanafunzi, na kwa wanafunzi 100,000 ni bilioni 36. Kwa hiyo bajeti inaweza kukua na bado mwanao akapewa bumu, yaani pesa ya kujikimu, bila ada, au asilimia tu ya ada.

Kwenye foleni ya mikopo wengi huangushwa na karatasi kuliko umaskini. Namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyotumia kuomba chuo iwe ndiyo hiyohiyo kwenye maombi ya mkopo. Aliyerudia mtihani akichanganya namba mbili, mifumo haimtambui. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa yatima, vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, usingoje wiki ya mwisho. Fomu isainiwe na serikali ya mtaa au kijiji, mdhamini, na wakili au kamishna wa viapo; ukurasa mmoja bila muhuri unatosha kuyarudisha maombi. Kaya iliyo kwenye TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iandike namba yake, maana ni ushahidi wenye uzito.

Halafu steshenari. Wengi hujaziwa fomu hapo stendi, na mjazaji anaweka namba yake ya simu ili asisumbuke. Matokeo yake namba maalumu ya kuthibitisha udahili inaingia kwenye simu ya mtu mwingine. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja asipothibitisha kwa wakati hupoteza nafasi. Weka namba yako, andika nywila kwenye daftari, na uombe nakala ya kila ukurasa kabla hujaondoka.

Mwenye matokeo ya juu sana ya sayansi aulizie Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/23. Huo si mkopo, haurudishwi.

Majina ya mikopo hutoka kwa awamu, kwa hiyo kukosa awamu ya kwanza si kukataliwa. Awamu zikiisha, dirisha la rufaa hufunguliwa. Rufaa isiyo na kielelezo kipya haibadilishi kitu: ambatisha kilichokosekana mwanzo, kama barua ya hospitali ya mzazi mwenye ulemavu, cheti cha kifo kilichohakikiwa, au uthibitisho wa aliyekulipia ada sekondari.