Joe Burrow: kutoka kusugua benchi hadi pasi 60 za tachidauni

Ninachambua mpira wa Kimarekani wa vyuo, na kuhusu Joe Burrow huulizwa swali moja kila mara: aliyesugua benchi Chuo Kikuu cha Ohio State aliwezaje kuwa kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) bora wa vyuo vyote mwaka 2019? Wengi hutaja kipaji. Mimi huanza na shahada yake, kisha na kazi aliyopewa uwanjani.

Burrow alikulia kaunti ya Athens, Ohio, akajiunga na Ohio State mwaka 2015. Aliyeshika namba alikuwa J.T. Barrett. Agosti 2017 Burrow akavunjika mfupa wa mkono, na kwotabeki mwenzake Dwayne Haskins akampita kwenye foleni. Lakini Mei 2018 alihitimu masomo yake. Enzi hizo mchezaji aliyehama chuo alilazimika kukaa nje msimu mzima. Aliyekwisha kupata shahada aliruhusiwa kucheza mara moja. Burrow akahamia LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, akiwa bado na misimu miwili mkononi. Ndiyo maana sikubali kabisa kwamba miaka ya Ohio State ilipotea bure.

Msimu wa 2018 alirusha yadi 2,894 na pasi 16 za tachidauni, yaani zilizoishia kwa bao kwenye eneo la mwisho la wapinzani. Wa kawaida tu. LSU bado walitegemea sana kukimbia na mpira.

Mwaka 2019 akaja kocha Joe Brady kutoka timu ya kulipwa ya New Orleans Saints, akashirikiana na kocha wa mashambulizi Steve Ensminger kusuka upya mashambulizi. Hapa ndipo penye utamu. Timu ina wachezaji 11 uwanjani. Ukimtoa kwotabeki na watano wa mstari wa mbele wanaomkinga, wanabaki watano wanaoruhusiwa kukimbilia pasi. Kwa desturi mmoja au wawili kati yao husimama karibu na kwotabeki kumsaidia. LSU wakawa wanawatuma wote watano, mara kwa mara. Ulinzi wa wapinzani unalazimika kutawanyika, na ukitawanyika unajianika: kwotabeki mwenye macho anajua nani anamkaba nani kabla mpira haujaanza. Hatari yake ni kwamba wapinzani wakivamia kwa watu sita, mmoja hana wa kumzuia. Huyo ni wa kwotabeki mwenyewe, na dawa yake ni kuuachia mpira mapema.

Tazama mechi ya Texas, Septemba 2019. Timu hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10. LSU walikuwa jaribio la tatu, wakihitaji yadi 17, dakika zikiyoyoma. Texas wakavamia. Burrow akasogea, akatulia, akampata Justin Jefferson: yadi 61, tachidauni. LSU wakashinda 45–38. Nimeirudia video hiyo mara nyingi, na kinachonivutia ni miguu yake, isiyo na haraka hata kidogo.

Msimu ukaisha kwa yadi 5,671, pasi 60 za tachidauni, sita tu zikinaswa na wapinzani, na asilimia 76.3 ya pasi zikifika. Zile 60 zilikuwa rekodi, mpaka Bailey Zappe wa Western Kentucky alipofikisha 62 mwaka 2021. LSU walishinda mechi zote 15, wakimaliza kwa kuifunga Clemson 42–25 kwenye fainali ya taifa pale New Orleans, Januari 2020.

Alipopokea Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, alizungumzia watoto wa kwao Athens wanaorudi nyumbani kukiwa hakuna chakula mezani. Michango iliyofuata kwa benki ya chakula ya kaunti hiyo ilivuka dola 500,000. Kwangu jambo hilo lina uzito kuliko takwimu yoyote niliyoandika hapa.

Aprili 2020 Cincinnati Bengals walimchagua wa kwanza kabisa kwenye drafti, ambako timu za kulipwa huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mwaka uliofuata wakamchukua Ja'Marr Chase, mpokeaji wake wa LSU, na msimu huohuo wawili hao wakaifikisha Bengals Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, walikofungwa na Rams 23–20.