Vocaloid ni nini, na uanze kusikiliza wimbo gani

Vocaloid ni programu ya kompyuta inayoimba. Unaipangia noti, kila noti unaiandikia silabi yake, nayo inakuimbia kwa sauti ya mtu. Ni kazi ya kampuni ya Yamaha ya Japani: utafiti ulianza 2000 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, na programu ikaingia sokoni 2004. Siku hizi watu wanalitumia jina hilohilo hata kwa nyimbo zilizotengenezwa na programu nyingine za aina hiyo, kama UTAU, CeVIO na Synthesizer V.

Wengi wanakutana nayo kwanza kupitia picha ya binti mwenye nywele ndefu za rangi ya feruzi, zimefungwa huku na huku. Huyo ni Hatsune Miku. Wakishamwona wanadhani ni mhusika wa katuni aliyegeuka mwimbaji, au ni akili bandia inayojitungia nyimbo. Yote mawili si kweli. Miku ni ala, kama lilivyo gitaa. Kampuni ya Crypton Future Media ya mjini Sapporo ilimtoa tarehe 31 Agosti 2007, kwa sauti ya Saki Fujita, mwigizaji wa sauti za katuni, na mchoro wa msanii KEI. Alipewa umri wa miaka 16 na urefu wa sentimita 158, lakini hakupewa kisa cha maisha. Hana wazazi, hana mji, hana mpenzi. Kila mtungaji anamkuta mtupu na kumjaza la kwake.

Sauti yenyewe inapatikanaje? Mwenye sauti anaingia studio na kurekodi vipande visivyo na maana, silabi baada ya silabi, ili ipatikane kila namna ambayo konsonanti na vokali huungana katika lugha ile. Vipande hivyo vinakatwa na kuhifadhiwa. Ukifungua programu unaona kinanda kimesimama upande wa kushoto wa skrini, na mbele yake noti zimelala kama vijiti, virefu na vifupi. Ukiandika silabi na kuiacha hivyohivyo, sauti inatoka kavu. Ufundi uko kwenye kurekebisha: kuchora mtetemo mwishoni mwa noti, kuongeza hewa kwenye neno fulani, kuivuta sauti ipande taratibu kabla haijatua. Watu wawili wakiwa na Miku yuleyule, mmoja anamtoa analia, mwingine anamtoa kama king'ora.

Kijapani kina vokali tano, na silabi nyingi huishia kwenye vokali, kama kwetu. Kwa hiyo vipande vinavyohitajika kurekodiwa ni vichache kuliko vya Kiingereza, na mtu mwenye maikrofoni nyumbani anaweza kujitengenezea mwimbaji wake kwa UTAU, programu ya bure iliyotoka 2008. Kasane Teto alizaliwa hivyo. Alibuniwa kama utani wa Siku ya Wajinga, 1 Aprili 2008, ili watu wadhani Vocaloid mpya imetoka. Utani ukapendwa, akapewa sauti ya UTAU, na 2023 akapata sauti ya Synthesizer V. Leo ni miongoni mwa sauti zinazopendwa zaidi katika muziki huu.

Sasa nyimbo. Ushauri wangu wa kwanza: usichague kwa sura ya binti, chagua kwa prodyuza. Wajapani wenyewe mara nyingi huwaongezea watunzi hawa herufi P, ya prodyuza, mwishoni mwa jina, na jina hilo ndilo la kukariri, maana yeye ndiye aliyetunga, aliyepiga na aliyeimbisha.

Anza na "Melt" ya ryo, iliyopandishwa kwenye Nico Nico Douga, tovuti ya video ya Japani, tarehe 7 Desemba 2007. Kabla yake, nyimbo nyingi zilimfanya Miku ajiimbe mwenyewe: mimi ni mashine, mimi ni programu yako. Ryo akamwandikia msichana wa kawaida aliyeamka akimfikiria mvulana, akakata nywele za mbele ili aulizwe kulikoni, kisha mvua ikanyesha na wakagawana mwavuli mmoja. Kompyuta haimo kabisa kwenye wimbo huo. Watu wakaanza kujirekodi wakiuimba kwa sauti zao, wakaijaza chati ya tovuti, na tukio hilo likapewa jina: mshtuko wa Melt.

Miaka kumi baadaye, Hachi aliutaja mshtuko huo ndani ya "Suna no Wakusei", wimbo wa Magical Mirai, tamasha la Miku, la 2017. Hachi ndiye Kenshi Yonezu, ambaye sasa ni mmoja wa waimbaji wakubwa wa Japani kwa sauti yake mwenyewe. Alirudi kwa Miku na kuichora jumuiya ya Vocaloid kama sayari iliyobaki mchanga mtupu. Kuna waliokasirika. Mimi nausikia kama wimbo wa mtu anayekupenda kiasi cha kukuambia ukweli.

Kama una nafasi ya wimbo mmoja tu, basi uwe "Rolling Girl" ya wowaka, wa 2010. Ngoma zinakimbia, piano inagonga juujuu, na Miku anaimba kuhusu msichana anayeanguka na kubiringika, akijiambia tena, mara moja zaidi. Wowaka hakujaribu kuficha kwamba sauti ni ya mashine. Maneno yanafuatana bila mahali pa kuvuta pumzi. Halafu mwishoni anaambiwa kwamba huenda amechoka, na mstari wa mwisho ni wa kuizuia pumzi. Sauti isiyopumua kabisa ndiyo iliyopewa mstari huo, na sijasikia mwimbaji wa nyama na damu aliyeufanya uniume vile. Ukiupenda, nenda "Unknown Mother-Goose", aliyomtungia Miku 2017. Wowaka alifariki Aprili 2019, akiwa na miaka 31.

"Senbonzakura" ya Kurousa-P, ya 2011, ndio wimbo ambao hata wazee wa Japani wanaweza kuujua: Sachiko Kobayashi, mwimbaji mkongwe wa enka, nyimbo za Kijapani za mtindo wa kizamani, aliuimba kwenye Kohaku, onyesho la mkesha wa mwaka mpya la NHK, shirika la utangazaji la Japani, mwaka 2015. Unashika haraka, kwangu ni mwepesi kidogo ukiuweka karibu na wa wowaka. Anayetaka kasi tupu atafute "Hatsune Miku no Shoushitsu" ya cosMo, wa 2008, ambapo programu inayofutwa inaaga.

Kwa nyimbo mpya, sikiliza "Mesmerizer" ya Satsuki, wa 2024, Miku na Teto wakiimba pamoja. Video ina rangi za peremende, maneno yanazungumzia kujisahaulisha kwa kulazwa akili, yaani hipnosia. Tumia spika za masikioni, na uisikilize mara ya pili ukimfuata Teto peke yake.