Cummings: mnagombania safari isiyo yenyewe

Kila kiongozi anapokamatwa akikiuka masharti aliyoyatangaza mwenyewe, hachelewi mtu kumleta Dominic Cummings mezani. Hapo utasikia mojawapo ya kauli mbili: "Alivunja sheria ya lokdauni alipoendesha gari hadi Durham," au "Polisi walichunguza wakamsafisha." Zote mbili si sahihi. Ya pili ni uvivu tu wa kutosoma taarifa ya polisi. Ya kwanza ndiyo inayonichosha, maana wanaoisema wana hasira ya haki, lakini wameielekeza kwenye safari isiyo yenyewe.

Tukio lenyewe kwa haraka. Cummings alikuwa mshauri mkuu wa Boris Johnson, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo. Jioni ya 23 Machi 2020 Johnson aliwaambia wananchi wabaki nyumbani kuzuia korona. Ijumaa ya tarehe 27 mke wa Cummings aliugua London. Usiku huo familia, na mtoto wao wa miaka 4, ikasafiri maili 260 hivi hadi shambani kwa baba yake Cummings, nje kidogo ya mji wa Durham, kaskazini mwa England. Kesho yake naye akalala hoi. Tarehe 12 Aprili, Jumapili ya Pasaka, wakaenda kwa gari hadi Barnard Castle, mji wenye ngome ya kale, mwendo wa nusu saa, kwa maelezo yake ili ajue kama macho yake yangemruhusu kuendesha kurudi London. Wakarudi tarehe 13. Magazeti ya Guardian na Daily Mirror yakaifichua habari 22 Mei, tarehe 25 akajieleza kwenye bustani ya Downing Street, ofisi ya Waziri Mkuu, na tarehe 28 Polisi wa Durham wakatoa taarifa yao.

Sasa sheria. Hotuba ya Waziri Mkuu haikuwa sheria. Tangu jioni ile ya 23 hadi saa 7 mchana wa tarehe 26 Machi, kutoka nyumbani England halikuwa kosa la jinai kwa mtu yeyote. Kanuni za lokdauni zilipoanza kutumika saa hiyo, zilitungwa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii (Udhibiti wa Magonjwa) ya mwaka 1984, si chini ya ile Sheria ya Coronavirus ya 2020 ambayo kila mchambuzi anaitaja. Mkanganyiko huu haukuwa wa mitandaoni peke yake. Mwishoni mwa Machi 2020 mwanamke mmoja alikamatwa kwenye kituo cha treni cha Newcastle, akatiwa hatiani chini ya sheria hiyo ya 2020, akatozwa faini ya pauni 660. Baadaye ikabainika kwamba kifungu alichoshtakiwa nacho hakikumhusu, na hukumu ikafutwa. Waendesha mashtaka walipopitia majalada ya mwanzo mwezi Mei, hawakukuta hata shtaka moja chini ya sheria hiyo lililofunguliwa sawasawa. Hata moja.

Kiini cha yote ni kanuni ya 6: katika kipindi cha dharura mtu asiondoke mahali anapoishi bila sababu ya msingi. Zikafuata sababu zenyewe, kutoka (a) hadi (m): kununua mahitaji, mazoezi, kutafuta tiba, kumhudumia mtu aliye hatarini, kazi isiyowezekana kufanyiwa nyumbani, kuepuka madhara au ugonjwa, na nyinginezo. Wengi wanaisoma orodha hii kama geti la mlinzi: jina lako halimo, huingii. Lakini kabla ya (a) imeandikwa kwamba sababu za msingi ni "pamoja na" hizi. Orodha ni ya mifano. Mtu mwenye sababu isiyotajwa popote bado angeweza kuwa hana kosa, mradi sababu yake ina mashiko.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa ana haki ya kushangaa. Kafyu ya Kenya, iliyoanza saa 1 usiku siku ileile ya 27 Machi, ilijengwa kwa namna nyingine: saa zimetajwa, watoa huduma muhimu wametajwa, na usiyekuwemo umo matatani. Ukiisoma kanuni ya England kwa macho ya kafyu, lazima umwone Cummings ana hatia tangu anawasha gari.

Faini ya papo kwa papo wakati huo ilikuwa pauni 60, au 30 ukilipa ndani ya siku 14, ikiongezeka maradufu kwa kila kosa hadi 960. Kuanzia 13 Mei ikapanda na kuanzia 100. Kwa hiyo ugomvi uliotikisa serikali nzima, kwa upande wa sheria, ulikuwa wa pauni 30.

Turudi Durham. Je, hofu ya wazazi wawili kuzidiwa kwa pamoja, na mtoto wa miaka 4 kukosa wa kumwangalia, ni sababu ya msingi? Tarehe 24 Machi, siku tatu kabla ya safari, Naibu Mganga Mkuu Jenny Harries alisema hadharani kwamba mtoto mdogo ambaye wazazi wake wote wameshindwa kumtunza ni hali ya kipekee. Kanuni haikuweka kikomo cha maili. Haikusema lazima uwe umeshazidiwa kwanza. Upo upande wa pili: alipoondoka hakuna mzazi aliyekuwa ameshindwa kabisa, na maili 260 kwa ajili ya tahadhari tu ni nyingi. Mimi naona mwendesha mashtaka angepata taabu sana na kesi hiyo. Hakimu mwingine angeweza kuona vingine, na hakuna mahakama iliyowahi kulipima swali hilo kwa ushahidi wa safari hii.

Kilichovunjwa Durham, kama kilivunjwa, ni mwongozo. Tangu 16 Machi mwongozo wa afya ulisema akiugua mmoja, nyumba nzima ijifungie siku 14. Huo haukuwa sheria. Hakuna askari aliyeweza kukuandikia faini kwa kuupuuza. Na hata hapo pana utata usiosemwa. Dalili zilizotajwa wakati ule zilikuwa mbili, homa kali na kikohozi kipya kisichokoma. Cummings alieleza kwamba mkewe alitapika na kuhisi atazimia, bila homa wala kikohozi. Kwa karatasi, basi, saa ya siku 14 huenda haikuwa imeanza kuhesabu. Utetezi mzuri, isipokuwa unagongana na ule mwingine. Ikiwa hakudhani ni korona, alikuwa anakimbilia nini Durham? Ikiwa alidhani ni korona, mwongozo ulimtaka akae hapohapo. Huwezi kuzishika hoja zote mbili kwa wakati mmoja, na pale bustanini alijitahidi sana kuzishika.

Na kuna jambo ambalo katika makala kumi utalikuta katika moja, kama una bahati. Siku ile ya 27 Machi, kwa maelezo yake mwenyewe, Cummings alikimbia kutoka ofisini kwenda kumwona mkewe mgonjwa, akakaa naye, alipopata nafuu kidogo akarudi kazini Downing Street, kisha jioni akarudi nyumbani na ndipo safari ikaanza. Ni siku ileile Johnson alipotangaza kuwa amekutwa na virusi. Kwa mtu anayehesabu maambukizi, gari lenye baba, mama na mtoto wa nyumba moja kwenye barabara kuu usiku ni hatari ndogo. Ofisi finyu iliyojaa watu wanaoendesha nchi, ambamo anaingia mtu aliyetoka kumuuguza mgonjwa mchana huohuo, hiyo ndiyo ingestahili kurasa za mbele. Haikuwa na ngome wala picha nzuri, ikapita.

Sasa Barnard Castle, safari ambayo watu wanaichekea na kuiacha. Kisheria ndiyo yenye uzito. Kufikia 12 Aprili mahali alipokuwa akiishi palikuwa ile nyumba ya shambani. Akaondoka hapo. Sababu ipi? Kazi? Hakuwa anakwenda kazini siku hiyo. Matunzo ya mtoto? Mtoto alikuwa ndani ya gari. Mazoezi? Mwongozo waliopewa askari katikati ya Aprili ulipima hivi: kuendesha gari hadi mashambani na kutembea, muda wa kutembea ukiwa mwingi kuliko wa kuendesha, kuna uwezekano ni sawa, kuendesha muda mrefu kwa mazoezi mafupi, hapana. Yeye aliendesha nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, na kwa maelezo yake wakakaa kando ya mto robo saa. Fanya hesabu.

Inabaki hoja ya macho. Anayetilia shaka macho yake hapaswi kuyajaribu barabarani huku amempakia mkewe na mwanawe. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1988 inamhesabia kosa anayeendesha na macho yasiyofikia kiwango. Na kiwango chenyewe ni kusoma namba za gari lililo umbali wa mita 20. Jaribio hilo linafanyika uani, gari limezimwa, kwa dakika moja. Hakuna haja ya mto.

Ndiyo maana taarifa ya Polisi wa Durham ilisomeka jinsi ilivyosomeka. Ilisema kwa kuhamia kwenye nyumba ya baba yake hakutenda kosa chini ya kanuni ya 6, na ikabainisha kwamba inazungumzia kanuni tu, si mwongozo wa kubaki nyumbani. Ona pia kwamba ilizungumzia kuwepo kwake Durham. Kuondoka kulitokea London, eneo la polisi wengine. Kuhusu Barnard Castle ilisema huenda kulikuwa na ukiukaji mdogo wa kanuni, mdogo kwa sababu hapakuonekana kuvunjwa kwa umbali kati ya watu. Askari angemkuta njiani angezungumza naye, angemshauri arudi, na angekubali yangeishia hapo. Hakuna hatua iliyochukuliwa kwa jambo lililokwisha kupita.

"Huenda kulikuwa na ukiukaji" si kusafishwa. Wala si kutiwa hatiani. Ni maoni ya polisi waliokuwa na maelekezo ya nchi nzima ya kuanza na mazungumzo, kisha maelezo, kisha ushawishi, na faini iwe ya mwisho. Wapo vijana waliopigwa faini bila kupitishwa hatua hizo, na hilo ni lalamiko halali, lakini ni lalamiko dhidi ya waliowapiga faini.

"Mbona wengine walijiuzulu?" Ndiyo, na hapa ndipo mantiki ya "alivunja sheria, hakuvunja" inapobomoka kabisa. Catherine Calderwood, Mganga Mkuu wa Scotland, alikwenda mara mbili kwenye nyumba yake ya pili huko Fife; polisi wakampa onyo bila faini, na 5 Aprili akajiuzulu. Profesa Neil Ferguson alijitoa kwenye kamati ya ushauri wa kisayansi mwezi Mei baada ya kufichuka kwamba mwanamke alimtembelea nyumbani. Soma tena kanuni ya 6: inambana anayeondoka. Ferguson alikuwa nyumbani kwake. Kanuni ya 7 nayo ilihusu mikusanyiko ya watu zaidi ya wawili hadharani, na sebule si hadharani. Kwa England ya wakati ule, mwenye nyumba huenda hakuwa na kosa lolote. Akaondoka. Mwenye "huenda kulikuwa na ukiukaji mdogo" akabaki kazini hadi Novemba.

Swali la kumwondoa mshauri maalumu kama Cummings halikuwa la polisi kamwe. Washauri hawa ni watumishi wa serikali wa muda, nidhamu yao iko mikononi mwa waziri aliyewateua, hapa Waziri Mkuu. Kanuni zao za maadili zinawakataza kujiingiza hadharani kwenye mabishano ya kisiasa. Mkutano wa bustanini wa 25 Mei ulikuwa nini kama si hicho? Lakini kwa kuwa kila mtu alikuwa anasubiri Polisi wa Durham waamue, hilo halikujadiliwa ipasavyo. Serikali ilifurahi swali liwe la jinai, kwa sababu kwenye jinai ilikuwa na nafasi ya kushinda. Wapinzani wake wakaifuata huko.

Gharama ililipwa kwingine. Watafiti wa University College London walionyesha kwenye jarida la Lancet, Agosti 2020, kwamba imani kwa serikali katika kushughulikia janga iliporomoka England kuanzia 22 Mei, na haikuporomoka vivyo hivyo Scotland wala Wales.

Mwaka mmoja baadaye, 26 Mei 2021, Cummings aliwaambia wabunge kwamba kule bustanini hakusema yote: vitisho vya kiusalama dhidi ya familia yake vilichangia kuhama. Ikiwa ni kweli, sababu yake ya kwenda Durham inakuwa nzito zaidi kisheria, maana kuepuka madhara kumo kwenye orodha. Barnard Castle inabaki palepale.

Na kwa wanaosema laiti kujitenga kungekuwa sheria tangu Machi angenaswa: kujitenga kulikuja kuwa sheria England 28 Septemba 2020, faini kuanzia pauni 1,000. Lakini wajibu huo ulimwangukia tu aliyearifiwa rasmi kwamba amekutwa na virusi, au kwamba alikuwa karibu na aliyekutwa. Katika nyumba ile ya London, usiku wa safari, hakuna aliyekuwa amepimwa.