Komiti na CHANGELOG: wasomaji wawili tofauti

Ujumbe wa komiti (badiliko moja la msimbo lililohifadhiwa kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo) unamhusu mtu atakayefungua msimbo miaka kadhaa baadaye akijiuliza kwa nini mstari fulani upo. CHANGELOG, faili linaloorodhesha mabadiliko ya kila toleo, inamhusu anayetumia programu na anataka kujua kama asasishe leo au asubiri. Mradi ukimwaga tu matokeo ya `git log`, yaani orodha ya komiti, ndani ya CHANGELOG, mtumiaji anakutana na "rekebisha jaribio" na "ondoa nafasi za ziada", na lile badiliko moja litakalovunja mfumo wake linapotelea humo.

Mitego mingi iko kwenye komiti. Git huhesabu kila kilicho juu ya mstari mtupu wa kwanza kuwa kichwa. Ukiusahau mstari huo, aya nzima inageuka kichwa kirefu kwenye `git log --oneline`, na `git format-patch`, inayogeuza komiti kuwa barua pepe, inaipeleka yote kwenye mada ya barua pepe. Kichwa kilenge alama 50 (herufi na nafasi). Mwili ukatwe kwenye 72, kwa sababu `git log` husogeza maandishi ndani kwa nafasi 4, na dirisha la amri kwa desturi lina safu 80. Kitenzi kiwe cha amri: "zuia", "ongeza", "futa". Kwa Kiswahili amri pia ni fupi, na hapo unaokoa nafasi.

```
malipo: zuia muamala kurudiwa mtandao ukikatika

Jibu la benki lilipochelewa kupita sekunde 30, ombi
lilitumwa upya bila namba ya utambulisho, na mteja
akatozwa mara mbili. Sasa ombi lenye namba
iliyokwisha kushughulikiwa linakataliwa.

Fixes: 4f2a91c07be3 ("malipo: rudia ombi likishindwa")
```

Kichwa hicho kina alama 47. Mwili hausemi ni faili gani zimeguswa, maana hayo `git show` inayaonyesha. Unasema kilichoharibika, sababu yake, na njia iliyochaguliwa.

Mstari wa `Fixes:` ni desturi ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux, na ningependa miradi mingi zaidi iige. Una angalau alama 12 za kwanza za kitambulisho cha komiti iliyoleta hitilafu, pamoja na kichwa chake, na haukatwi hata ukiwa mrefu. Wanaotunza matoleo thabiti ya kerneli huutumia kujua marekebisho yarudishwe kwenye toleo lipi. Mistari ya namna hii hukaa pamoja katika aya ya mwisho. Ukiacha mstari mtupu katikati yake, `git interpret-trailers`, amri inayoichambua mistari hiyo, inasoma kundi la mwisho tu.

Mtego mwingine huwaumiza wengi: mstari unaoanza na `#`. Ukiandika `#214`, namba ya hitilafu iliyoripotiwa, mwanzoni mwa mstari ndani ya kihariri, Git inauona kuwa maelezo ya pembeni na kuufuta kimyakimya. Andika "Tazama #214", au badilisha alama hiyo kwa `git config core.commentChar ";"`.

Mfumo wa Conventional Commits huongeza neno mbele ya kichwa: `fix` hupandisha namba ya tatu ya toleo, `feat` ya pili, na `BREAKING CHANGE` mwishoni mwa ujumbe, au `!` kabla ya nukta mbili, hupandisha ya kwanza. Unafaa pale toleo linapotolewa na mashine, ila `fix` yenye mwili mtupu bado haimwelezi mtu chochote.

Kwenye CHANGELOG, komiti ile ya juu inakuwa: "Mteja hatozwi tena mara mbili mtandao ukikatika." Toleo jipya hukaa juu, na tarehe huandikwa 2025-03-09, kwani 03/09 husomwa Machi na wengine, Septemba na wengine. Yasiyotolewa bado huwekwa chini ya kichwa `Unreleased`.

Shida kubwa ya CHANGELOG ni migongano wakati wa kuunganisha kazi, kwa kuwa matawi yote (nakala sambamba za msimbo) huongeza mstari mahali palepale. Kuweka `CHANGELOG.md merge=union` kwenye `.gitattributes`, faili la mipangilio ya Git, kunahifadhi pande zote mbili bila kuuliza. Lakini mstari mmoja ukihaririwa na watu wawili, unatokea mara mbili. Kwa timu kubwa napendekeza programu ya towncrier: kila badiliko lina faili lake dogo, mfano `214.bugfix`, na siku ya kutoa toleo faili zote hukusanywa kuwa sehemu moja kisha kufutwa.