Gari la zamani likishuka Malindi: usianze na rejeta

Msimu wa likizo ukifika, Land Rover za zamani hushuka kutoka Nairobi, na wenyewe huja gereji na lalamiko lilelile: gari linachemka, na ukiondoa mguu kwenye petroli injini inapanda na kushuka, mwisho inazima. Jibu wanalo tayari. "Fundi, ni joto la Pwani hili. Toa thamostati, safisha rejeta, niende zangu Watamu."

Rejeta ndiyo inayopoza maji ya injini, na thamostati ni mlango unaoyaachia kwenda huko yakipata moto. Joto lipo, sikatai. Ila mimi huuliza kwanza: kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilirekebishwa wapi mara ya mwisho?

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Fundi wa kule hupunguza petroli ilingane na hewa hiyo, na mara nyingi huitanguliza kidogo taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Kwa huko, amefanya sawa. Gari likifika hapa kwetu, kila pistoni inavuta hewa nzito zaidi, na jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli, ni zilezile. Petroli haiongezeki kwa kadiri ya hewa. Mchanganyiko wenye hewa nyingi huungua polepole, moto unafika vali ya ekzosi ukiwa bado unawaka, na joto lililopaswa kusukuma pistoni linaishia kwenye kichwa cha injini na kwenye maji. Na ile taiming iliyotangulizwa, gari likibeba mzigo, injini inagonga. Kugonga nako ni joto. Kwa hiyo kuchemka na kuzimazima mara nyingi ni ugonjwa mmoja, na rejeta haihusiki.

Kabla ya yote hakikisha gari linachemka kweli. Kwenye Land Rover ya Series III, geji ya joto na geji ya petroli hupata umeme kupitia kidhibiti kimoja kidogo nyuma ya dashibodi. Chumvi ya bahari ikila mahali kinaposhika bodi, geji zote mbili hupanda. Ukiona tangi limepita "limejaa" na joto limefika nyekundu kwa pamoja, kamata kwanza athi, yaani pale umeme unaporudi kwenye bodi. Mimi huthibitisha kwa kipimajoto cha mwanga (infraredi), kile cha kuelekeza bila kugusa, kwenye nyumba ya thamostati.

Kisha nafunga geji ya mvuto, inayopima nguvu ya injini kunyonya hewa, kwenye manifoldi, yaani bomba linaloingiza mchanganyiko kwenye injini. Hapa Malindi tuna bahati: vitabu vya mafundi vimeandikwa kwa usawa wa bahari, na sisi tuko papo hapo. Injini isiyo na hitilafu ikinguruma bila mguu kwenye petroli husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, mshale hautikisiki. Nairobi ungetoa kama inchi 5. Mshale ukiwa chini lakini umetulia, ama taiming imechelewa ama kuna mahali panaponyonya hewa: gasketi chini ya kabureta, au mpira uliopasuka wa kupeleka mvuto kwenye breki. Napaka maji ya sabuni kwenye maungio. Mahali injini inapobadilisha sauti, hapo ndipo. Mshale ukiruka kwa mpigo ule ule, hiyo ni vali, na bisibisi haitakusaidia.

Kabureta ya Zenith 36IV ina udhaifu wake. Uso wa kifuniko hupinda, kimpira cha mviringo ndani huchakaa, na petroli hupenya kwa njia isiyo yake. Funga skurubu ya mchanganyiko kabisa. Injini ikiendelea kuunguruma, acha kurekebisha. Fungua, sugua uso huo juu ya kioo kwa msasa laini, badilisha kimpira. Kuna wanaoficha tatizo hili kwa kukaza skurubu ya mwendo ili injini izunguke kasi hata bila mguu kwenye petroli, na gari likisimama nyuma ya tuktuk linanguruma kama trekta.

Thamostati siitoi. Naichemsha kwenye sufuria na kipimajoto. Ianze kufunguka kwenye nyuzi zilizopigwa mhuri juu yake. Ikigoma, natia mpya.

Rejeta huja mwisho, na ishara zake ni nyingine: gari linatulia mjini, linachemka ukilikimbiza barabara ya Kilifi. Hapo napapasa uso wa rejeta injini ikiwa imezimwa na feni imesimama. Penye ubaridi, mirija imeziba, na mara nyingi mwenyewe amekuwa akiongeza maji ya kisima. Visima vyetu viko kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chokaa na chumvi. Nunua kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, bwana, au walau maji yaliyosafishwa ya betri (si asidi).