Velavadar: swala anayejipandia msitu asioutaka

Watu wakisikia wanyama wa India akili inakimbilia chui milia tu, sawa, lakini mimi mtu wa swala, ukiniambia nichague sehemu moja kule nakwambia Velavadar, Gujarat, karibu na Ghuba ya Khambhat. Ni mbuga ya nyasi tupu, kilomita za mraba kama 34 hivi, ukiidondosha ndani ya Serengeti hutaiona tena. Zamani maharaja wa Bhavnagar walikuwa wanawinda hapo kwa duma waliofugwa, duma wakaja kuisha India nzima, mwaka 1952 ikatangazwa hawapo, swala wakabaki, na mpaka leo wanatimua mbio kama vile duma yuko nyuma yao, wakati anayewawinda sasa ni mbwa mwitu (wolf, siyo wale wa Afrika wenye madoa).

Swala mwenyewe kwa Kiingereza ni blackbuck, wenyeji wanamwita kaliyar. Dume mkubwa ana mgongo mweusi tii, tumbo jeupe, pembe zimejisokota kama skrubu. Majike na vijana rangi yao ni kama udongo.

Sasa kilichonivuta mimi ni uchumba wao. Msimu ukifika madume wanabanana sehemu moja, kila mmoja na kiplot chake, na ukikiangalia hicho kiplot hakina majani ya maana, hakina maji, kivuli ndo usiseme. Nyamera wa Mara nao wana tabia hii hii. Dume anatembea pua juu, pembe zimelala mgongoni, mkia umejikunja, anakoroma, na jike anapita kati yao polepole kama mama sokoni anayebonyeza nyanya za kila meza halafu hanunui. Wa katikati ndo wanapata, wa pembeni wengi wanaambulia jua.

Mpaka wa kiplot anauwekaje? Kwa mavi jamani. Anarudi palepale kila siku, anajisaidia juu ya lile lundo, hata kulala analala hapo hapo.

Na shida inaanzia hapo. Kuna mti ule wa miiba uliotoka Amerika, Wakenya mnauita mathenge, watu wa Baringo hamhitaji kuelezwa. Gujarat ulipandwa kuzuia chumvi isitambae kwenye ardhi, ukaingia mbugani. Maganda yake ni matamu, swala anayala, mbegu zinapita tumboni nzima nzima, sasa fikiria dume anayerudi lundo moja wiki baada ya wiki, si ndo kitalu hicho? Mbegu zinarundikana, tena zina mbolea, tena kwenye uwanda ule ule ambao swala anauhitaji uwe wazi, maana silaha yake ni macho na miguu, kwenye kichaka mbwa mwitu anamfikia kabla hajamwona.

Na siyo swala peke yake. Kila msimu wa baridi kuna vipanga wanaotoka nyika za Asia ya Kati, jioni wanashuka kwa mamia kulala chini kabisa kwenye nyasi, siyo mtini, na mchana wanakamata panzi. Kuna ndege tandawala mdogo naye anakuja na mvua kuzaliana. Wote hao wanataka nyasi.

Ndo maana nikifika kwenye uwanja wa madume huwa nachuchumaa kwanza niangalie lundo. Mche wa mathenge ukiwa mdogo unang'oka kwa mkono, ukichelewa utahitaji mashine.