Je, wajua kwa nini dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, hazileti nafuu siku hiyohiyo?

Ukimeza dawa ya maumivu, ndani ya saa moja hivi kichwa kinatulia, sasa mtu akianza dawa za sonona naye anategemea iwe hivyohivyo, siku ya kumi anajiona yuko palepale, tena kaongezewa kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu, basi anaziacha. Inaniuma sana hii, maana wengi wanaacha nafuu ikiwa njiani.

Iko hivi. Dawa zinazoandikwa sana, mfano fluoksetini, zinazuia seli za ubongo zisiivute tena ndani serotonini, ile kemikali ambayo seli zinatumia kupashana habari. Na serotonini inapanda ndani ya masaa machache tu! Kwa hiyo kama shida ingekuwa ni kupungukiwa serotonini basi, mtu angeamka kesho yake mzima. Kumbe nafuu inachukua kama wiki 2 mpaka 6, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ubongo wenyewe unahitaji muda wa kuizoea hali mpya, vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea serotonini, vinapunguza ukali, seli zinajenga miunganiko upya, na kazi hiyo haina haraka. Madhara madogomadogo ndiyo yanatangulia, mengi yanaisha yenyewe. Mara nyingi usingizi na hamu ya kula vinarudi kwanza, moyo unafuata nyuma, na watu wa nyumbani wanaweza kuona umebadilika kabla wewe hujajiona.

Sio kila huzuni ni sonona lakini. Daktari anaangalia kama ni wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, moyo mzito au vitu ulivyovipenda havikuvutii tena, pamoja na uchovu, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili. Anaweza pia kukupima damu na tezi ya shingo kwa sababu zikiwa na hitilafu zinaleta dalili kama hizohizo. Ikiwa sonona ni nyepesi, tiba ya mazungumzo peke yake inaweza kutosha.

Ila mawazo ya kujiua yakikujia, usisubiri wiki ziishe, mwambie mtu aliye karibu na muende hospitali leo. Walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu zaidi wiki za mwanzo za dawa.

Na ukishapona usizikatishe ghafla, kwa kawaida zinaendelea miezi 6 hivi au zaidi, halafu daktari anapunguza dozi kidogokidogo.